Miwani ya Polaraizi na Mawingu ya Dodoma: Inasaidia Lini, Inadanganya Lini

Saa saba mchana, mwezi Januari, ukisimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kilimatinde na kutazama mashariki, nchi ya Bahi imetandazwa chini yako kama mkeka. Mbali kabisa, upande wa Dodoma mjini, kuna weupe. Macho matupu hayaoni zaidi ya hapo: samawati iliyopauka ambayo hujui ni anga, ni moshi au ni wingu. Vaa miwani ya polaraizi. Anga inakoza rangi, na mbele yake yanajitokeza mawingu matatu, kila moja na kingo zake. La kwanza lina kichwa cha mafundo mafundo kama koliflawa. La pili limeanza kutandaa juu. La tatu limeteremsha pazia la mvua hadi chini. Ivue miwani, na yote matatu yanazama tena kwenye weupe.

Nimelirudia jaribio hilo mara nyingi, misimu tofauti na saa tofauti, na matokeo hayakuwa yaleyale kila mara. Kuna saa miwani ilinionyesha mvua iliyokuwa mbali sana. Kuna saa haikunisaidia kitu. Na kuna saa ilinificha jambo nililopaswa kuliona. Makala haya yanachambua sababu zake, kwa kuwa katika Uwanda wa Kati kuiona mvua ya radi mapema ni suala la uhai na mali.

Nani anafuata dhoruba huku kwetu?

Nchini Marekani kuna watu wanaosafiri mamia ya kilomita kwa gari kuzifuata dhoruba za tambarare ili kuzipiga picha na kuzipima. David Hoadley alianza mwaka 1956, na wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa shughuli hiyo. Wafuata dhoruba hao huizungumzia miwani ya polaraizi kama kifaa cha kazi, kwa kuwa inawatenganishia wingu na utusitusi wa hewa. Hata wao, hata hivyo, wamelipa gharama. Tarehe 31 Mei 2013, mtafiti mzoefu Tim Samaras, mwanawe na mwenzao mmoja waliuawa na kimbunga cha ardhini karibu na El Reno, Oklahoma.

Dodoma hatuna wafuata dhoruba wa namna hiyo. Huku dhoruba ndiyo inayowafuata watu. Mfugaji wa Bahi yuko mbugani na ng'ombe, hakuna paa karibu. Bodaboda anatoka Ihumwa na abiria wawili. Dereva wa lori yuko kati ya Kintinku na Manyoni. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ana vichala vinavyokaribia kuiva, na mvua ya mawe ya dakika kumi inatosha kumharibia mavuno. Wote hawa hutazama juu na kujiuliza swali moja: ile inakuja huku au inapita?

Uzito wa swali hilo tumeufundishwa kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo viliangusha nyumba katika kijiji cha Mwakata, Kahama, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha matope ya Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji jirani, na waliokufa walizidi 80. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, mafuriko ya Kilosa yaliibomoa reli ya kati. Sehemu ya maji yale hutoka huku kwetu, kwa sababu mto Kinyasungwe hukusanya mvua za Dodoma na Mpwapwa na kuzipeleka mto Mkondoa, upande wa Kilosa.

Dodoma hupata, kwa wastani, mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Mvua hiyo haiji polepole kwa siku nyingi. Huja kwa mishindo, mchana na jioni, kutoka kwenye mawingu yanayojijenga kwa saa chache. Kwa nchi inayoingoja mvua kwa hamu kiasi hicho, haishangazi kwamba kuisoma anga kulikuwa kazi ya heshima. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu Wagogo, alieleza jinsi mtemi alivyobeba dhamana ya mvua ya nchi yake. Wahenga nao walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kinachobaki ni kujua ni wingu gani, liko umbali gani na limefikia hatua gani.

Miwani hii inafanya nini hasa

Mwanga ni wimbi linalotikisika. Mwanga wa jua unapotufikia moja kwa moja, hutikisika kila upande: juu na chini, kushoto na kulia, na mishazari yote. Lakini ukigonga kitu, mara nyingi hutoka ukiwa umeelemea mkao mmoja, yaani umepangika. Mfaransa Étienne-Louis Malus aligundua jambo hilo mwaka 1808 alipokuwa akitazama mwanga wa jua ulioakisiwa na madirisha. Mwaka 1815 David Brewster wa Scotland akaonyesha kwamba pembe ya kuakisiwa ndiyo inayoamua. Kwenye maji, lami au kioo kilicholala, mwanga unaong'aa na kuumiza macho hutikisika zaidi kwa mlalo.

Miwani ya polaraizi ni chujio. Fikiria kamba iliyopitishwa kati ya miti ya uzio wa zizi. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapita. Ukiitikisa kushoto na kulia, linagonga miti na kufa. Kioo cha miwani hii hufanya kazi kama uzio huo wa miti iliyosimama wima, na hivyo huzuia mwanga wa mlalo. Mmarekani Edwin Land ndiye aliyepata, mwaka 1929, njia ya kutengeneza chujio hilo kwa wingi na kwa bei nafuu.

Kwa msoma mawingu, kiini cha jambo ni kwamba hata anga yenyewe hupanga mwanga. Mwaka 1871 Lord Rayleigh alieleza jinsi chembe za hewa zinavyoutawanya mwanga wa jua. Mwanga uliotawanywa hivyo huwa umepangika zaidi katika ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Wingu ni tofauti. Ndani yake mwanga hugonga matone mara nyingi mno, na hutoka bila mpangilio. Kwa hiyo chujio likiwekwa sawasawa, anga na utusitusi wake hufifia huku wingu likibaki na weupe wake. Miwani haiongezi chochote kwenye wingu. Inapunguza kilicho mbele yake na nyuma yake.

Nyuki wa Manyoni na Itigi wanalijua hili kabla yetu. Karl von Frisch alionyesha mwaka 1949 kwamba nyuki husoma mpangilio huo wa mwanga wa anga ili kujua jua liko wapi, hata likiwa limefichwa na wingu, na kwa njia hiyo hurudi mzingani. Sisi macho yetu hayana kipaji hicho, ndiyo maana tunahitaji kioo.

Saa ndiyo inayoamua

Ushauri unaotolewa kuhusu miwani hii mara nyingi umeandikwa kwa nchi za kaskazini, ambako jua hukaa chini. Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta. Msimu wote wa mvua, jua la adhuhuri huku liko karibu na utosi. Mwanzoni mwa Machi hupita juu ya utosi kabisa.

Faida yake ni kubwa. Jua likiwa utosini, ukanda wa nyuzi 90 unaangukia kwenye upeo wa macho, pande zote nne. Tena mwanga wa upeoni wakati huo hutikisika kwa mlalo, yaani mkao uleule ambao miwani imetengenezwa kuuzuia. Hivyo kuanzia saa tano hadi kama saa nane na nusu mchana, Januari na Februari, miwani ya polaraizi hukusafishia upeo wote bila wewe kufanya lolote. Na huo ndio wakati mawingu yanapoanza kuinua vichwa. Ni bahati ya kijiografia ambayo msoma anga wa Uwanda wa Kati anapaswa kuitumia.

Baada ya hapo mambo hubadilika. Kufikia saa tisa na nusu hivi, jua liko nusu ya njia kati ya utosi na upeo wa magharibi. Sasa ukitazama kaskazini kuelekea Kondoa, au kusini kuelekea Mtera, mwanga wa angani umeinama mshazari. Miwani iliyokaa wima inazuia nusu tu, na wingu halitofautiani tena na utusitusi. Dawa yake ni kulaza kichwa begani, upande mmoja kisha wa pili. Upande mmoja utaiona anga ikikoza ghafla, na wingu litajitenga. Jua likikaribia kuzama, mwanga wa kaskazini na kusini unakuwa umesimama karibu wima, na miwani iliyovaliwa kawaida inaupitisha wote. Hapo ivue, ishike mkononi, izungushe robo duara mbele ya jicho moja, kisha utazame. Fanya hivyo ukiwa umesimama pembeni, kamwe si ukiwa unaendesha, na usilitazame jua kwa kioo chochote cha namna hii.

Hewa nayo ina neno lake. Mvua za kwanza za Novemba hukuta nchi imekauka, na upepo wa mbele yake huinua vumbi jekundu. Chembe za vumbi ni kubwa kuliko za hewa, na haziupangi mwanga vizuri. Miwani husaidia kidogo tu wakati huo. Mvua zikishaiosha hewa, Januari na Februari, msaada wake huongezeka sana.

Kusoma kinachoonekana

Kuliona wingu ni mwanzo wa kazi. Kichwa cha koliflawa chenye kingo kali maana yake wingu bado linapanda. Mafundo yakianza kulainika na kilele kutandaa bapa kama fuawe la mhunzi, limegonga dari yake na limekomaa: radi, upepo na mvua ya mawe viko ndani. Upande fuawe linakorefukia ndiko upepo wa juu unakovuma. Chini ya kitako, pazia la kijivu ni mvua, na ukuta wa vumbi unaotangulia pazia ni upepo baridi ulioporomoka kutoka winguni na sasa unakimbia ardhini. Ukuta huo ndio unaoezua mabati.

Wingu lililokomaa linaweza kuonekana kutoka zaidi ya kilomita 100. Likiwa kilomita 60 kutoka ulipo na linakuja kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, una saa mbili. Mfugaji anaweza kuwatoa ng'ombe korongoni. Dereva anaweza kungoja Manyoni badala ya kuingia kwenye mvua gizani. Thamani ya miwani iko hapo, kwenye kuongeza muda wa kuamua.

Inapodanganya

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji hawausemi.

Upinde wa mvua huundwa na mwanga uliopangika sana. Sehemu yake ya juu hutikisika kwa mlalo, na miwani huifuta karibu yote. Jioni, jua likiwa magharibi, upinde upande wa mashariki ni taarifa ya bure kwamba kule mvua inanyesha. Ukiwa na miwani unaweza kuikosa taarifa hiyo.

Lami iliyolowa hung'aa, na mng'ao huo huchosha macho, kwa hiyo dereva hupata nafuu akivaa miwani. Lakini mng'ao pia ndio unaokuambia kwamba pale mbele kuna maji. Kwenye korongo lililojaa, hatari ni kubwa zaidi. Miwani huondoa mwako wa juu ya maji, na mtu akadhani sasa anaona kina. Maji ya mafuriko ya Dodoma ni tope tupu, hakuna kioo kitakachokuonyesha chini. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kulibeba gari dogo. Tena yanaweza kuja hata kama juu yako kuna jua, kwa sababu mvua imenyesha milimani ulikokuwa hutazami.

Skrini za simu na dashibodi nyingi nazo hutoa mwanga uliopangika. Ukiwa na miwani hii, simu yenye taarifa ya hali ya hewa inaweza kuonekana nyeusi mpaka uigeuze. Kwa sababu hiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani huwashauri marubani wasiivae wanaporuka.

Hatari kubwa kuliko zote ni giza. Miwani ya jua ya daraja la 3, ambayo ndiyo ya kawaida, hupitisha asilimia 8 hadi 18 tu ya mwanga. Daraja la 4 hupitisha pungufu ya hapo na haifai kabisa kuendeshea chombo. Wingu zito likishakufunika, mwanga umekwisha kupungua sana. Ukiupunguza tena kwa kioo, humwoni mtembea kwa miguu, hulioni shimo, huuoni ukuta wa vumbi. Kanuni ni fupi: kivuli cha wingu kikikugusa, ivue.

Kununua bila kudanganywa

Kuna siku nilinunua miwani kwa mmachinga mjini. "Bosi, hii polaraizi orijino, angalia na stika," aliniambia. Stika ilikuwepo. Nilipofika duka la jirani nikamwomba mama mwenye duka anisogezee kikokotoo chake. Nikavaa miwani, nikakizungusha kikokotoo polepole mbele ya macho. Tarakimu zilibaki zilezile duara zima. Kilikuwa kioo cheusi tu. Ile halisi, ukizungusha hivyo, kuna mkao ambapo kidirisha cha kikokotoo hugeuka cheusi tii. Jaribio hilo halina gharama na linachukua sekunde kumi. Lifanye kabla ya kutoa pesa.

Jua pia kwamba polaraizi si kinga ya mionzi ya urujuanimno. Hizo ni sifa mbili tofauti, na kioo cheusi kisicho na kinga ni kibaya kuliko kukosa miwani, kwa maana mboni hutanuka nyuma yake na kuiruhusu mionzi iingie zaidi. Tafuta iliyoandikwa UV400. Kwa rangi, kijivu huacha mambo kama yalivyo. Kahawia hukata samawati ya utusitusi na kulikoza wingu zaidi.

Jicho na taarifa vifanye kazi pamoja

Macho yaliyosaidiwa vizuri bado hayaoni nyuma ya mlima wala usiku. Ndiyo maana kuna Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyopewa hadhi hiyo kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2019. Utabiri wake wa mvua za msimu huihusu Dodoma na Singida moja kwa moja. Tahadhari zake hutolewa kwa ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Rada zake zilianzia Dar es Salaam na Mwanza, zikaenda Mtwara, Mbeya na Kigoma, na Dodoma imo katika mpango wa rada saba za nchi. Angani, setilaiti ya Ulaya ya kizazi cha tatu cha Meteosat iliyorushwa Desemba 2022 ina chombo kinachohesabu miale ya radi juu ya Afrika. Taarifa ya asubuhi inakuambia leo kuna uwezekano. Macho ya mchana yanakuambia ni wapi.

Wingu likikaribia, kipimo bora hakihitaji miwani wala simu. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa hazifiki 30, ingia kwenye jengo imara au gari lenye paa la chuma, na ukae humo nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Pikipiki na bajaji si kinga. Mbuyu si kinga. Wengi tumelelewa na bibi waliofunika vioo na kuficha nguo nyekundu radi ilipoanza. Walitupenda na walitaka kutuokoa, lakini radi haifuati kioo wala rangi. Hutafuta kitu kirefu kilichosimama peke yake, na mbugani kitu hicho mara nyingi ni mti wenye ng'ombe chini yake, au mchungaji mwenyewe.

Hukumu

Miwani ya polaraizi inastahili nafasi yake kwa dereva, mfugaji na mkulima wa Uwanda wa Kati, pengine kuliko kwa wafuata dhoruba wa Marekani, kwa sababu jua letu la utosini linaifanya ifanye kazi pande zote za upeo kwa saa zilezile mawingu yanapojengeka. Ni chombo cha mchana na cha mbali. Haifai chini ya wingu, haifai kupimia maji, haifai usiku, na haina maana kama umenunua kioo cheusi chenye stika.

Basi msimu huu, ukiwa nayo, tazama upeo saa saba, tazama tena saa nane. Ukiliona fuawe, usingoje lije likuhakikishie. Watoe watoto mtoni, wasogeze ng'ombe mbali na korongo, mpigie simu aliyeko njiani. Kisha ivue miwani yako na uingie ndani.